Nyekundu Iwe na Kazi Moja

Mwanangu, iko siku ambayo hata uzee ukinisahaulisha jina langu, yenyewe sidhani itanitoka. Nilikuwa mwanamke kijana wa Masii, nimeolewa juzijuzi, na nilikuwa nimepata kazi katika kiwanda cha kamba pembeni mwa mji wa Machakos. Ilikuwa miaka ya tisini. Jua lilikuwa limetuchomea mahindi shambani, na mtu aliyepata kazi ya kiwanda alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Nami nilisimama.

Kazi yetu wanawake ilikuwa kulisha mkonge kwenye mashine ya kuchana. Unazipanga nyuzi, unazisukuma polepole, na rola mbili zenye meno ya chuma zinazivuta ndani na kuzitoa upande wa pili zikiwa laini kama nywele za mtoto. Rola zile hazikujua mkonge ni upi na kidole ni kipi. Zilivuta tu.

Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja wa Muthetheni, jina lake Syombua. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hata waliomzidi cheo. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akisema, unaacha kutafuna.

Basi ikaletwa mashine mpya. Naiita mpya kwa sababu ilikuwa ngeni kwetu, maana ilitoka kiwanda kingine kilichokuwa kimefungwa. Ilikuwa kubwa na yenye nguvu kuliko zetu zote, na Bwana Mutiso, mwenye kiwanda, aliipenda kama mtu anavyopenda fahali. Ubavuni ilikuwa na safu ya vitufe vyeusi, vyote vidogo, vyote sawa kama maharagwe ya ganda moja. Kimoja kiliwasha, kingine kiliongeza mwendo, kingine kilirudisha rola nyuma, na kimoja ndicho kilichosimamisha. Maandishi yalikuwa yamefutika zamani.

Mimi nilikuwa mwepesi wa kushika mambo. Siku chache tu nikawa navijua vitufe vyote, nikaanza kujisifu. Nikamwambia Mwaitu, "Mimi hata ukinifunga macho naisimamisha hii mashine."

Akaniangalia, wala hakukasirika. "Vizuri, Ndanu. Wewe unaijua. Na yule atakayeandikwa kazi Jumatatu?"

"Nitamfundisha."

"Utamfundisha akiwa ametulia. Mtu akiogopa hakumbuki kufundishwa. Wewe ukiungua na sufuria, huwa unafikiria kwanza?"

Mazoea yana taabu, mwanangu. Yananong'ona kwamba jambo unaloliweza wewe ni jepesi kwa kila mtu.

Mwaitu hakuishia kwangu. Alimwendea injinia wetu, kijana aliyeitwa Wekesa, aliyekuwa ametoka chuoni si muda mrefu. Wengine pale kiwandani walikuwa wakimwona mtoto. Mwaitu alimheshimu, akamweleza hofu yake, na yule kijana akafurahi kama mtu aliyepata mwenzake safarini. Naye jambo lile lilikuwa likimkosesha raha. Alituchorea kwa chaki pale sakafuni. Kitufe cha dharura, alisema, kinatakiwa kiwe chekundu, na nyuma yake pawe na bamba la njano ili jicho likione hata chumba kikiwa na vumbi. Kichwa chake kiwe kipana na cha mviringo, kama uyoga, ili mtu akipige kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa chochote alicho nacho. Kikishabonyezwa kibaki kimezama ndani mpaka mtu akizungushe kwa mkono, na hata kikizungushwa mashine isijiwashe yenyewe. Tena kiwe pale pale mlishaji anaposimama. Kikiwa karibu na mota hakimfai.

"Na umbo ni la nini, kama rangi iko?" nikauliza. Kuuliza si ujinga.

Wekesa akasema wako watu macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Mwaitu akacheka kidogo. "Hiyo ni kweli. Bwana wangu alikuwa anachuma nyanya mbichi akisema zimeiva. Nimezipika hivyo hivyo miaka mingi."

Kisha akaongeza neno ambalo Wekesa aliliandika papo hapo kwa chaki ukutani: nyekundu iwe na kazi moja. Kwa sababu mle ndani tulikuwa na vishikio vyekundu, taa nyekundu za urembo na hata stuli nyekundu. Rangi ikipewa kila kitu, siku ya shida haitakuambia kitu.

Wakaenda wote wawili kwa Bwana Mutiso. Mimi nilibeba chai, kwa hiyo nilisikia. Bwana Mutiso hakuwa mtu mbaya, usije ukamdhania hivyo. Alikuwa na kamba za kupeleka Mombasa, meli haingoji, na kufunga vitufe vipya kulimaanisha kuzima mashine.

"Mashine iko na kitufe cha kusimamisha," akasema. "Kwani hakifanyi kazi?"

"Kinafanya," Mwaitu akajibu. "Njoo ukibonyeze, Mzee."

Tukashuka naye. Mwaitu akachukua gunia kuukuu, akalishika mbele ya rola, akasema, "Hili gunia ni mkono wa mtu. Nikisema simamisha, simamisha." Wekesa akawasha. Sote tukaacha kazi tukatazama. Mwaitu akatupa ncha ya gunia kwenye meno, akaruka nyuma na kupaza sauti: "Simamisha!"

Bwana Mutiso akarukia vitufe. Akabonyeza cha kwanza, rola zikaongeza kasi. Akabonyeza kingine, hakuna kitu. Nikaona jasho kwenye paji la uso la mtu aliyejenga kiwanda kile kwa nguvu zake. Alipokipata chenyewe, gunia lilikuwa limeingia lote na kutokea upande wa pili, vipandevipande.

Hakuna aliyecheka. Bwana Mutiso aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza, akasema kwa sauti ya chini, "Zimeni. Mombasa watangoja."

Kesho yake asubuhi Wekesa na fundi wa umeme wakaanza kazi. Vikafungwa vitufe viwili, kimoja kila upande wa kulishia, vyekundu kama pilipili iliyoiva, juu ya njano. Vishikio vikapakwa rangi ya kijivu, taa za urembo zikang'olewa, stuli ikawa ya bluu. Na kabla ya kuwasha, Mwaitu alitupitisha mmoja mmoja, tukakipiga kitufe tukiwa tumefumba macho, tumegeuka, tumebeba mzigo. Wapo walionung'unika kwamba ni mchezo wa watoto. Bwana Mutiso mwenyewe alipanga foleni pamoja nasi.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe. Palikuwa na mwenzetu, Kasyoka wa Mwala, mama wa mapacha waliokuwa bado wananyonya. Alikuwa akilisha upande wa kulia, mimi wa kushoto. Mchana ule alikuwa amejifunga leso kiunoni, na fundo likalegea bila yeye kujua. Nilisikia sauti moja tu, fupi, si hata kilio. Nilipogeuka, ncha ya leso ilikuwa imeshikwa na meno ya rola, na Kasyoka alikuwa akivutwa, ameweka mkono mbele kujizuia, na mkono unakwenda kule kule leso inakokwenda.

Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia mzigo wa mkonge. Sikuwaza. Sikutafuta. Jicho liliona wekundu, kiwiko kikafuata. Nilikipiga kile kitufe kwa nguvu zangu zote.

Mashine ikafa.

Mwanangu, nimesikia kwaya nyingi maishani, lakini sijasikia kitu kitamu kama kimya kile. Vidole vya Kasyoka vilikuwa vimefika kwenye meno. Ukucha mmoja ulikuwa umekwaruzwa. Damu yote iliyomwagika siku ile ingetosha kwenye kizibo cha soda.

Kijana mmoja aliyetoka chumba cha pili, bila kujua kilichotokea, alikimbilia kitufe cha kuwasha akidhani umeme ulikatika. Alikibonyeza, na mashine haikutikisika hata kidogo, maana kile chekundu kilikuwa bado kimezama. Wekesa alifika akiwa anahema, akakata leso kwa kisu, akamtoa Kasyoka taratibu. Mwaitu akamshika ule mkono, akavihesabu vidole kama mkunga anavyohesabu vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Vyote vilikuwepo. Ndipo akapiga vigelegele, na sisi sote tukampokea, chumba kizima, mpaka walinzi wa langoni wakaja mbio.

Bwana Mutiso alitukusanya uwanjani. Akasema, "Mimi nilishindwa na gunia, na leo nafurahi kwamba nilishindwa." Tukampigia makofi. Akaagiza kila mashine kiwandani ipewe kitufe chake kabla ya kamba nyingine kutoka. Jioni wanawake walimbeba Mwaitu Syombua juu juu mpaka langoni, mama mzima na miaka yake, anawaambia wamshushe huku anacheka, na Wekesa anatembea nyuma amembebea viatu. Kasyoka alikwenda nyumbani akawanyonyesha mapacha wake, mmoja kila mkono.

Nawe sasa unaingia katika kazi, labda ya mashine, labda ya ofisi. Sikia. Watu husema ajali haina kinga. Nimeiona kinga yake kwa macho yangu, na niliigusa kwa kiwiko. Popote utakapowekwa, jambo la kwanza uliza pa kusimamishia. Kama pamefichika, sema, hata kama wewe mwenyewe unapajua, maana wa Jumatatu hapajui. Kitu cha kuokoa kionekane, kifikiwe, na kisichanganywe na mapambo. Ukiona hatari kipige, usingoje ruhusa ya mtu. Heri mashine ilale siku nzima kuliko mtu mmoja alale milele. Na ukiwa mkubwa wa watu, kubali kushindwa na gunia.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde viungo vyako vyote, kazi ya mikono yako ikunenepeshe, na wale utakaofanya nao kazi warudi nyumbani wakiwa wazima, wakilitaja jina lako kwa furaha. Amina.