Upinde wa Mzee Nyasani

Mzee Nyasani wa Kebirigo ana miaka sabini na tisa, shamba dogo la majani chai, mke mcheshi aitwaye Persis, na upinde alioachiwa na babu yake. Huutumia kufukuza tumbili kwenye ndizi, isipokuwa Jumamosi, kwa sababu ni Msabato. Tumbili wanajua. Jumamosi huja na watoto wao.

Mwaka jana chifu wetu, Andrew, alitangaza kwamba pinde na mikuki yote iletwe barazani. Andrew ni mjukuu wa ndugu yake Nyasani, na kwetu babu na mjukuu hutaniana bila kuogopana, naye bibi humwita mjukuu mume wake. Lakini asubuhi ya baraza mzee hakuwa na utani.

"Babu yangu aliwapa Wazungu mikuki yake," aliniambia njiani, upinde ukiwa begani. "Wiki iliyofuata wakamchukulia ng'ombe. Angewazuia na nini, mwiko?"

Barazani mimi niliketi nyuma, kama kawaida yangu. Polisi wawili wenye bunduki walilinda rundo la mikuki. Andrew akafungua daftari.

"Babu, lete huo mti."

"Nitaleta. Kwanza niandikie barua, uipige muhuri: serikali haitamwonea Nyasani kamwe."

Watu wakacheka. Persis akasimama, akamgeukia Andrew. "Andika, mume wangu! Ukimnyang'anya huyu mzee upinde, nani atanilinda? Wewe siku hizi unalala Nyamira kwa yule mwingine!"

Hata polisi walicheka.

"Bibi, ngoja kidogo, niko kazini," Andrew alisema. Akashika kalamu, kisha akaiweka chini. "Babu, mimi siwezi kukuonea. Lakini siku moja nitaondoka hapa. Atakayekuja, nitaahidije kwa niaba yake?"

"Ndiye huyo ninayemwogopa," Nyasani alijibu. "Wewe nilikupangusa kamasi."

Andrew aliwatazama polisi. Mmoja akawa anatazama viatu vyake. Kisha Andrew akaandika neno moja mbele ya jina la mzee, si "Ameleta" kama kwa wengine: Amefika.

"Rudi nao nyumbani, babu. Lakini badilisha kamba. Hii itakatika chifu mwingine akikohoa tu."

Jumapili iliyofuata niliwakuta mzee na mkewe uani wakisokota kamba mpya ya ngozi ya ng'ombe. Persis alikuwa ameshika ncha moja, akilalamika kwamba mume wake kijana hajaja kumsalimia.