Uji wa Mtoto Aliyetekwa

Bi Mwiko amepika kwenye jumba lile tangu magoti yake hayajaanza kumsumbua. Mimi nafua huko huko, kwa hiyo nisemayo nimeyaona. Wenye nyumba ni watu wa kuletewa tu. Hata maji ya chai hawajui kuchemsha.

Siku mtoto wao wa pekee alipotekwa akirudi shule, polisi walimbeba dereva, eti lazima alikula njama na watekaji. Dereva huyo ni mume wa Bi Mwiko. Bi Mwiko alimenya viazi huku machozi yanamtoka, maana waliokuwa wanalia sebuleni walitaka kula.

Kesho yake shangazi wa mtoto akaingia jikoni, mtu ambaye hata jiko hajui linawashwaje. Akaagiza uji wa mchele, uchujwe, usitiwe maziwa, uwekwe kwenye chupa ya chai.

"Rafiki yangu anaumwa," akasema.

Bi Mwiko akapika, ila alishagundua. Mtoto yule maziwa humtapisha, na uji usiochujwa haugusi. Tangu aache ziwa ni Bi Mwiko anayempikia. Shangazi kumficha mtoto aliweza, kumlisha kukamshinda.

Shangazi alipotoka tu na chupa yake, Bi Mwiko akamwambia baba wa mtoto. Wakamfuata kwa gari, wakamkuta kwenye chumba cha kupanga, mtoto yupo kitandani anakunywa uji. Kumbe alitaka kumbana kaka yake amwachie kiwanda cha marehemu baba yao. Mtoto aliporudi mzima tulilia wote, hata mimi mwenye roho ngumu.

Jioni ile baba mtu akaja jikoni, macho chini.

"Mama, yule ni dada yangu. Haya yaishie humu ndani. Polisi tutawaambia mtoto kaokotwa njiani."

"Na mume wangu?"

"Mambo yakipoa watamwachia."

Bi Mwiko akavua aproni. "Mume wangu analala sakafuni kwa kosa la dada yako, baba. Mimi nakwenda kumtaja."

Mtoto akaja mbio akamng'ang'ania gauni, analia asiende. Nilijua Bi Mwiko anampenda kama wa kumzaa. Alimbandua vidole taratibu, kimoja kimoja, akatoka kwa mlango wa nyuma akielekea kituoni, anachechemea.