Penseli ya Njano ya Vinubhai

Wewe ungeweka jina lako kwenye mchoro ambao hujausoma?

Vinubhai Solanki hakuwahi, kwa miaka thelathini na minne. Hapa ofisini kwetu Vadodara, India, kiwanda kizima hujengwa kwanza ndani ya kompyuta. Kazi yangu ni kuyatoa mabomba humo: nabonyeza, kila bomba linatoka na mchoro wake, vipimo na orodha ya vipande, tayari kwa mafundi wa kukata na kuchomelea. Vinubhai ndiye mkaguzi. Huchapisha kila mchoro, akapitisha penseli ya njano juu ya kila kilicho sawa, nyekundu palipo na kosa.

"Chekechea wamefungua?" vijana humtania.

"Wamefungua, na wewe umejikojolea tena kwenye ukurasa wa saba," huwajibu, huku akitafuna khaman, keki ya dengu aliyofungiwa na mkewe.

Alhamisi alikuta vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma imegeuzwa, kwenye bomba la kulisha boila. Mtu alinakili bomba la jirani akaligeuza, na vali ikageuka nalo. Likijengwa vile, boila litawaka bila maji hadi lilipuke, na kuna watu watakaokuwa wamesimama kando yake. Mabomba mia tatu na kumi alikuwa bado hajayapitia. Na barua yake ya ajira, ambayo tangu astaafu huongezwa muda mwaka kwa mwaka, ilikuwa mezani kwa Trivedi, bosi wetu.

"Saini michoro, iondoke kesho," Trivedi alimwambia mbele yetu sote. "Hilo la boila tumesharekebisha. Kompyuta haikosei, Vinubhai."

"Haikosei, saheb. Inatoa ilichopewa. Nipe wiki moja."

"Huna wiki. Na barua yako sijaisaini bado, unakumbuka?"

"Basi tusisaini wote wawili."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa wahandisi kumi na mmoja mle ndani, wote tuna vyeti ukutani, na wote tukainamia kibodi. Aibu hiyo bado inaniunguza.

Kesho yake asubuhi nilikuta printa kubwa inatema michoro. Kwenye kisanduku cha mkaguzi, kila karatasi ilikuwa na V.J.S., herufi za jina la Vinubhai; mtu alikuwa amezijaza kwenye michoro yote kwa mkupuo mmoja. Vinubhai alisimama pale, begi bado begani. Alivuta karatasi, akalikata jina lake kwa penseli nyekundu, akavuta nyingine.

Trivedi alitoka chumbani kwake mbio. "Mnyang'anye hiyo penseli!" alinifokea.

Sikusogea. Vinubhai hakugeuka, alikuwa kwenye karatasi ya tisa.