Namba Iliyoshikwa Kwapani

Ofisini walimwita Shangazi, kwa kuwa kati ya waandika programu wote mle yeye pekee ndiye aliyewahi kupata riziki kwa taipureta. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kipindi cha majaribio kilichokuwa kinaisha siku hiyo saa kumi.

Kazi ilionekana ya kitoto: mita ya umeme ikilazwa ubavu, picha kwenye kioo chake igeuke robo mzunguko. Picha ni jedwali la namba. Safu ya juu iwe ya kulia, basi. Lakini kila namba aliyoihamisha ilimkalia mwenzake na kumfuta.

"Tumia jedwali la pili," alisema mkuu wa kitengo, kijana aliyelingana umri na mtoto wa kwanza wa Shangazi.

"Kumbukumbu ya mita haibebi mawili, bosi."

"Basi tumpe mwingine?" aliuliza kwa upole wa daktari wa meno.

"Saa kumi haijafika."

Shangazi akainamisha macho sakafuni. Vigae vilikuwa vimepangwa ovyo. Baba yake angesonya. Baba alikuwa fundi vigae. Siku moja, yeye akiwa na miaka tisa, alimpelekea chakula, akamkuta amepanga vigae vikachora ua kubwa ukumbini, bado bila saruji.

"Fundi, ua linatazama jikoni!" mama mwenye nyumba alilalamika. "Litazame mlango!"

Nje fanicha zilijaa hadi getini. Pa kuweka vigae hapakuwepo. Baba akabana kigae cha pembe ya kwanza kwapani. Cha pembe ya pili kikaja pale, cha tatu kikaenda pa pili, cha nne pa tatu, na cha kwapani kikapata kiti pa nne. Akaingia ndani zaidi, vinne vinne, akipiga mluzi.

"Umeona, mama? Anasubiri mmoja tu," alimwambia binti yake.

Shangazi akarudi kwenye kompyuta, akaandika mistari tisa. Nafasi ya kushikia namba moja akaiita *kwapa*. Saa tisa na nusu picha iligeuka.

"Kazi ni yako," alisema mkuu. "Ila hilo jina, Shangazi..."

"Hilo halibadiliki."

Akampigia mama yake simu, akamsimulia jinsi ua la baba lilivyomwokoa.

"Lile ua?" Mama alicheka. "Baba yako alikosea kigae kimoja karibu na dirisha. Akasema wataweka kabati juu yake."

Shangazi aliaga, akafuta macho, akafungua tena programu na kuanza kukagua namba moja moja.