Kinanda Ndicho Kinachomfuata Mwimbaji

Nilianza kujifunza kinanda nikiwa tayari bibi wa wajukuu, na vidole vilivyozoea cherehani. Mtaa wetu wa Ukonga ulicheka. Jirani yangu akaniuliza uani, "Mama, uzee huu unatafuta nini kwenye kinanda?" Nikamjibu namtafuta mumewe. Hakuniuliza tena.

Ukweli ni kwamba mwalimu ndiye aliyenitafuta mie. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu, mama aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, mwenye maneno machache na macho makali. Baridi yabisi ilikuwa inamkakamaza vidole, hata kikombe cha chai asubuhi nyingine kilimshinda. Siku moja baada ya ibada nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanishika mkono. "Mikono yangu inakwisha," akasema. "Nataka mtu wa kumwachia kiti. Wewe una masikio."

Kanisani kwetu wimbo hausubiri kinanda. Mama yeyote akiguswa anauanzisha palepale alipokaa, kwa sauti aliyoamka nayo, na wengine wanamdaka. Kazi ya kumtafuta ni ya mpiga kinanda. Vinanda vya siku hizi vina kitufe cha kuhamisha noti zote juu au chini kwa pamoja, kwa hiyo vijana wengi hupiga palepale walipozoea, wakabonyeza mpaka walingane na mwimbaji. Wakishalingana, ubeti wa kwanza umeshapita. Mwalimu wangu hakukigusa kitufe hicho kamwe. Mama akifika neno la pili, yeye kishamfikia, na anaingia polepole kama vile walikubaliana tangu jana. Jamani, yule mama! Mara ngapi nilimtazama nikasahau kuimba.

Akanifundisha hivyohivyo. Jioni nakwenda kwake, yeye anachambua mchicha, ananiambia, "Imba. Haya, sasa jitafute kwenye kinanda." Nikirudia sauti niliyoanzia mwanzo, ananikemea: "Hiyo umeshaizoea! Lete nyingine." Kuna siku nilipandwa na hasira, nikamwambia mie fundi nguo, aniache na cherehani yangu. Aliendelea na mchicha wake, na vidole vile vilikuwa vinahangaika na kila jani. Nikaona aibu, nikarudi kitini.

Ikafika Jumapili yangu. Kwa mara ya kwanza mwalimu alikaa kwenye mabenchi, na mie nikakaa mbele, mgongo umelowa jasho. Sala ikaisha, kanisa kimya. Nikaomba Mungu aanze mama mmoja wa kwaya ambaye sauti yake naijua.

Hakuanza yeye. Ilitoka sauti nzito, kavu kidogo, ambayo sijawahi kuisikia. Nikagusa, nikakosa. Nikagusa tena, nikakosa, nikasikia watoto wanacheka. Nikafumba macho nikaacha kukimbia, nikaisikiliza tu. Vidole vikaenda kwenye vibao vyeusi vya kinanda, vikamkuta.

Kanisa zima likamdaka. Ndipo nikageuza shingo nimwone ni nani.

Alikuwa mwalimu. Miaka yote ile alitupa mgongo akitafuta sauti za wenzake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza yake ikoje. Aliimba beti zote, kichwa juu, mikono ameilaza mapajani. Nami nikamfuata huku nalia.