Digidigi wa Maharage ya Bibi

Juzi binti yangu alimpiga picha ndege dirishani kwa simu, akapiga nyingi hata kuzitazama zote hakumaliza. Nilicheka peke yangu. Mawazo yalikuwa yamenirudisha Basotu, kwenye bustani ya nyuma ya nyumba ya bibi, enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali.

Ngano ilianzia pale uzio wetu wa minyaa ulipoishia, ikaenda mpaka macho yachoke. Matrekta yalinguruma tangu alfajiri, na harufu ya dizeli na udongo mbichi ilitukuta tukinywa uji. Vichaka vilikuwa vimefyekwa, wanyama wadogo wakakosa pa kujificha. Kwetu alihamia digidigi, swala mdogo wa kufika gotini tu, mwenye macho makubwa kama ametoka kulia. Aliyapenda mno maharage ya bibi.

Bibi naye hakuwa na mchezo na maharage yake. Kila asubuhi nilikwenda kumwagilia, nikarudi na habari za majani mengine yaliyoliwa. Mwishowe akatega kamba kwenye upenyo wa uzio. "Kitoweo kinajileta chenyewe," alisema huku akisugua chungu.

Nilimwonea huruma yule mnyama, lakini kumpinga bibi nani angethubutu? Nikamwambia mwalimu wetu, dada mmoja mgeni pale kijijini, aliyekuwa na kamera aliyopewa na kaka yake. Jioni ileile akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu maziwa."

Alikunywa maziwa ya mgando taratibu, ndipo akasema, "Bibi, naomba utegue kamba kwa kesho tu. Nimpige picha kwanza. Mkanda umebakiza picha moja."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzako wanapiga picha za harusi, wewe unataka ya mwizi! Haya, kesho ni yako. Keshokutwa ni ya sufuria yangu."

Kulipopambazuka tulibanana kwenye dirisha la jikoni, moshi ukituwasha macho, hakuna wa kukohoa. Digidigi akaingia kwa kunyata. Nyuma yake akatokea mtoto wake, miguu kama vijiti. Mwalimu aliduwaa, kamera mkononi. Bibi ndiye aliyenong'ona, "Piga sasa, ameinua kichwa!"

Kamera ikalia, wakatoweka.

Keshokutwa ilipofika, bibi hakutega. Alisema anangoja kwanza aone picha. Ilipelekwa Arusha kusafishwa, ikakawia, na mimi nikawa naomba izidi kukawia. Iliporudi, bibi aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, jani la harage likionekana wazi mdomoni mwa yule mama.

"Nimeshamjua sura," alisema hatimaye. "Sasa nitamlaje?"

Ile kamba akaifungia ndama. Msimu uliofuata alipanda mstari mmoja karibu kabisa na uzio, na huo hakuupalilia wala kuuvuna.

Siku hizi matrekta yale yamenyamaza. Mwalimu alihamishwa, bibi tulimzika, ile picha sijui iliishia wapi, na minyaa imekatwa kupisha nyumba. Nikienda kule, watoto wa ndugu zangu huniuliza digidigi ni mnyama gani. Nawaeleza macho yake, nawaeleza miguu yake. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanarudi kucheza.