Besi ya Khaemba

Siku ya mazishi ya Khaemba, kule Misikhu, mtu alileta kaseti. Marehemu alikuwa akipiga gita la besi katika bendi ya hoteli moja mjini Bungoma, na hiyo ndiyo kaseti pekee waliyorekodi kabla bendi haijasambaratika. Ikatiwa kwenye redio ndogo ya betri, waombolezaji wakanyamaza. Mwimbaji akasikika. Gita la solo likalia, ngoma zikajibu. Mzee Masibo, baba wa marehemu, akatega sikio mpaka upande wa kwanza ukaisha.

"Na wetu ni nani hapo?" akauliza.

Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

"Si ni vile nilisema," mzee akasema. "Aliacha ualimu akaenda kushikia watu gita."

Nasimiyu, dada wa marehemu, alirudi Kitale na kaseti mkobani na maneno hayo moyoni. Alikuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni na kuishi chumba kimoja huko Tuwan. Akampelekea redio yake Salman, fundi wa karibu na msikiti, akamwambia inameza watu: kaka yake anapiga besi kwenye kaseti lakini hasikiki.

"Sista, hii haijaharibika," Salman akasema. "Ni ndogo tu, haina kifua ya kutoa besi. Brathako ako ndani ya kaseti. Tafuta spika kubwa, utamsikia."

Laiti ingekuwa spika tu. Spika zilitaka amplifaya, basi Nasimiyu akaanza na amplifaya, iliyotoka katika baa iliyofungwa Endebess na ambayo bado ilinuka bia. Amplifaya bila spika ni chuma cha kupasha chumba joto, na msimu mzima wa mvua hiyo ndiyo kazi iliyofanya. Spika ya kushoto ilikuja mwaka uliofuata. Ya kulia ilikawia, na kwa muda mrefu Nasimiyu akawa anasikia nyimbo za kaseti nyingine upande, akiwafahamu wanamuziki wa kushoto na kuwakosa wenzao kabisa. Salman naye kila mara alikuwa na habari njema. Spika sasa ni nzuri, ndiyo maana unasikia ubovu wa deki ya kuchezea kaseti. Deki ikanunuliwa. Deki sasa ni nzuri, ndiyo maana unasikia maboksi ya spika yakitetemeka. Seremala akaitwa. Nyama ikawa kitu cha Krismasi, kochi likauzwa ili maboksi yapate pa kusimama, na wageni wakaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa huku spika zimevishwa vitambaa vya kufuma. Majirani walisema kichwa chake hakiko sawa. Hakuwajibu, na ukweli ni kwamba hakuwasikia.

Kitu kimoja hakukifanya kwa miaka yote hiyo sita: hakuicheza kaseti ya Khaemba. Salman alikuwa amemwonya kwamba utepe umechoka, unaweza kukatika. Nasimiyu akaapa kwamba utachezwa siku baba yake atakapokuwa ameketi pale mbele, ayafute maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Mzee Masibo alikuja mwaka wa 2007, kutibiwa macho hospitalini. Alipotoka kwa daktari, alisimama mlangoni pa Nasimiyu akashangaa.

"Ati hizi kabati zote ni za nini, mayi?" akamuuliza binti yake.

"Ni redio, Papa."

"Redio ya mtaa mzima?"

Alipewa kiti pekee kilichosalia, na chai. Nasimiyu akaitia kaseti. Besi ilipoingia, vikombe vilicheza mezani. Khaemba alikuwa mle chumbani.

"Ndiye huyo, Papa. Hiyo nzito ya chini."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akifuata mdundo. Kufikia ubeti wa pili Khaemba alikuwa amebaki nyuma kidogo. Kwenye kiitikio akapotea. Akanyamaza kabisa, bendi ikaendelea bila yeye, kisha akarudi kwa nguvu zake zote mahali ambapo hapakuwa pake, na akaendelea vivyo hivyo bila wasiwasi wowote.

Nasimiyu alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka sita bila nyama, na alichonunua ni ushahidi kwamba baba yake alisema kweli. Akanyoosha mkono kuzima.

"Wacha," mzee akasema. Alikuwa ameinamia spika, kikombe kimesahaulika mkononi. "Huyo ni Khaemba. Hata ng'ombe alikuwa analeta hivyo hivyo. Anachelewa, halafu anaingiza kwa boma ya jirani, na haoni shida."

Akacheka, na kicheko kikakatika katikati. Akapangusa macho yale ambayo daktari alikuwa amemkataza kuyagusa.

"Rudisha hapo amepotea," akasema.

Nasimiyu akaurudisha utepe polepole, usikatike. Kisha akaiburuta ile ndoo, akaketi karibu na baba yake, wakamngojea apotee tena.